Mwenyekiti wa Jumapili

Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo
8 Julai 2024

Baba, shikamoo.

Natumai wewe na Mama hamjambo huko Kilwa, na masikio yako hayajazidi kuziba. Sisi wazima. Kaka Bushiri anawasalimu, yuko hapo mlangoni na meza yake ya makava ya simu, analipima duka lako kwa macho. Kwa simu hunisikii, na nikipiga kelele mtaa mzima unajua mambo yetu, kwa hiyo barua namkabidhi Hillary, konda wa basi la asubuhi.

Nimepata mteja wa ajabu. Anaitwa Manan, wa Upanga, kaja na tanga limechanika. Si la mtumbwi, ni la ubao: unasimama juu ya ubao, unalishika tanga kwa mikono, upepo unakuvuta. Mafundi wote walimkatalia. Mimi nikalipiga kiraka cha turubai la lori, kwa mshono wako ule wa mara tatu, likashika. Jana akanialika Kigamboni kwenye klabu yao nikalione likifanya kazi. Unanijua, kutazama tu siwezi. Nikapanda. Nilianguka mara kumi na saba, walihesabu. Jioni wakanichagua Mwenyekiti wa klabu kwa kura zote, wakasimama kunipigia makofi.

Mkataba wa fremu ya duka unaisha Septemba na hujasema uandikwe jina langu au la Bushiri. Nalitaka hilo duka, Baba. Ninayeshona ni mimi.

Mwanao,
Shamsa


Kilwa Masoko
15 Julai 2024

Mwanangu Shamsa, marahaba.

Hatujambo. Mama yako magoti yanamsumbua, mdomo mzima kabisa.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mwenyekiti! Mimi nimekuwa Katibu Msaidizi wa ushirika wa mafundi cherehani miaka kumi na minane, kiti sikukipata, kila uchaguzi anatokea mtu na shemeji yake. Wewe siku ya kwanza tu, tena umeanguka mara kumi na saba mbele yao, na bado wakaona uongozi. Hicho ni kipaji.

Sasa nisikilize. Muhuri ukae kwako, usimwachie Katibu. Mtu asizungumze mara mbili kabla wengine hawajazungumza. Chai itolewe mwisho, ukiitoa mwanzo wanakunywa na kuondoka.

Na nikwambie ukweli ambao nimekuwa nikiuzunguka. Duka sikutaka kukupa. Uliacha saluni, ukaacha duka la dawa, ukaacha ofisi ya mabasi. Nikasema huyu mtoto amekalia siafu. Lakini kama watu wazima wenye akili zao wamekuona unafaa kukaa, mimi nibishe kwa lipi? Nangoja kidogo nione kama utadumu.

Baba yako


Kariakoo
29 Julai 2024

Baba, shikamoo.

Habari za Kilwa? Magoti ya Mama yanaendeleaje? Mimi mzima, Bushiri mzima.

Kazi zimenibana. Manan kaleta matanga mengine manne, na siku za wiki naziona ndefu, nashona huku nachungulia bendera ya jengo la jirani kama inapepea. Ulisema unangoja uone kama nitadumu. Wamenichagua tena. Jumapili nne mfululizo, na wanasema hakuna aliyewahi.

Samahani kwa ufupi, kuna mtu anasubiri turubai lake.

Mwanao,
Shamsa


Kilwa Masoko
13 Agosti 2024

Mwanangu, marahaba.

Nne mfululizo! Ijumaa baada ya sala nimeisoma barua yako barazani, nimesimama. Wazee wakataka niirudie. Mmoja, ambaye mwanawe ni diwani na hatupumzishi kwa sifa zake, aliaga mapema.

Nimeamua. Duka ni lako. Bushiri nimeshamwandikia atafute sehemu nyingine. Mwezi ujao nakuja kusaini, na nina ombi moja. Siku hiyo klabu ikutane, uniketishe nyuma kabisa, nikuone ukiwa kwenye kiti. Nitanyamaza. Sitasikia chochote, lakini nitaona.

Mama yako anauliza uvae nini. Mimi nasema ile suti ya kijani.

Baba yako


Kariakoo
17 Agosti 2024

Baba, shikamoo.

Sijui hii barua utaisomea wapi. Usiisomee barazani.

Kwenye klabu hii Mwenyekiti ni yule aliyeanguka mara nyingi kuliko wote Jumapili hiyo, kwa sababu kutwa ameketi majini. Anakuwa na cheo wiki nzima. Kazi yake ni kubeba mbao zote kuzirudisha bandani jioni, na akifika ufukweni wote wanasimama kwa heshima, wanamwonyesha bahari: "Mwenyekiti, kiti hicho, karibu." Katibu ni anayeongea kuliko wote bila kulowa. Mweka Hazina ni Dhaval, binamu yake Manan, maana ameshaweka hazina baharini: miwani jozi mbili na pete yake ya ndoa. Mkewe bado hajui. Nimechaguliwa Jumapili nne kwa sababu hakuna anayeanguka kama mimi. Wao wamezoea ubao, mimi sitaki kungoja, upepo ukija nusu nimeshavuta tanga lote.

Mara ya kwanza niliandika nikidhani utacheka. Ulivyofurahi nikaona haya kukurekebisha. Kisha nikaona duka linakuja, nikanyamaza. Ile barua ya pili niliiandika nikijua ninachofanya.

Bushiri ana mtoto wa miezi miwili, na tangu apate barua yako anapanga makava yake na kuyapangua bila kuniangalia. Siwezi kupita hapo mlangoni, Baba. Naingilia kwa nyuma.

Sina muhuri. Niandikie chochote, hata unitukane.

Mwanao,
Shamsa


Kilwa Masoko
22 Septemba 2024

Shamsa, marahaba.

Mama yako hajambo. Mimi sijui.

Wiki tano sikwenda barazani. Wakinikuta sokoni wananiuliza, "Mwenyekiti hajambo?" Najibu hajambo, napita.

Kuanguka kwako hakukuniudhi. Hiyo habari ya Mweka Hazina nilicheka peke yangu chooni, mpaka Mama yako akagonga mlango akidhani nimezidiwa. Kilichoniudhi ni barua ya pili. Ulijua nina njaa ya kile kiti tangu ujana wangu, ukaona njaa yangu, ukanilisha. Hiyo imeniuma, na bado inaniuma ninapoandika.

Mkataba umesainiwa jina la Bushiri. Niliutuma kwa Hillary, sikutaka kuja. Bushiri yupo pale mlangoni miaka sita, mvua, jua, hajawahi kuondoka, na sasa ana mtoto. Duka linataka mtu wa kukaa, na wewe si mtu wa kukaa. Nilijidanganya mwenyewe, hilo si kosa lako peke yako.

Cherehani ni yako. Ile kubwa ya turubai. Bushiri anasema inamlia nafasi, iondoe kabla ya tarehe thelathini. Ziba masikio kwa pamba unapoiendesha, mimi sikuziba. Utakakoipeleka usiniambie kwanza.

Baba yako


Kigamboni
6 Oktoba 2024

Baba, shikamoo. Mama, shikamoo.

Umesema nisikwambie ilipo, lakini nitakwambia, kwa sababu nimekwama.

Barua yako ilipofika nililia mbele ya wateja. Nilikuwa nalitaka lile duka. Kisha nikaenda mlangoni nikamwomba Kaka Bushiri msamaha, akachukua bisibisi akaanza kunifungulia meza ya cherehani. Tulifungua pamoja mpaka mguu wa meza ulipomwangukia kidoleni. Akatukana, mimi nikacheka, na yeye akacheka. Mtoto wake nimembeba kwa mara ya kwanza.

Klabu nzima ilikuja na guta, ile baiskeli ya mizigo ya magurudumu matatu. Kutoka Kariakoo hadi kivukoni Magogoni Dhaval alikuwa mbele anapiga kelele, "Mpisheni Mwenyekiti!" na watu wakapisha kweli. Kwenye pantoni la kuvukia Kigamboni mkaguzi akauliza mzigo ni wa nani. Nikasema wangu. Nilijisikia ajabu kusema jambo hilo na likawa kweli.

Sasa ipo kwenye banda la klabu la kuwekea mbao, matanga sita yanangoja, na haishoni. Uzi unakatika kila nikifika kwenye kona. Nimebadilisha sindano, nimelegeza kila kinacholegea, nimetia mafuta. Mafundi watatu wamekuja wakaondoka. Wewe ulikuwa unaweka kiganja juu yake unajua inaumwa wapi. Mimi naweka kiganja, naona inatetemeka tu.

Hillary amekushikia siti Jumamosi. Huku hakuna mkutano, Baba, hakuna mtu wa kusimama ukiingia, wala sina chochote cha kujivunia mbele yako. Nina cherehani isiyoshona na sijui la kufanya. Njoo.

Mwanao,
Shamsa