Kosa Moja, Karatasi Saba

Mdogo wangu,

Barua hii isome peke yako, na tafadhali mama asijue kwamba nimekuandikia. Mimi sijambo. Hapa ofisi ya mitihani nimepewa meza ya dirishani, na viatu ulivyonichagulia bado vinanibana.

Wito wa kikao cha nidhamu uliopokea jana niliuchapa mimi, wako na wa wenzako sita wa kikundi cha kujisomea. Mkuu wa idara alizitandaza karatasi zenu mezani, akasema, "Watu saba, kosa moja. Hawa wametazamiana. Nje wote." Nikaitikia, "Ndiyo, mzee."

Hamkutazamiana. Kanuni ile ya takwimu niliwafundisha mimi nilipokuwa kiongozi wa kikundi chenu, na niliikosea. Niligundua siku mbili kabla ya mtihani. Nilifika hadi mlangoni kwenu kuwaambia, nikakusikia ukimtania mwenzako, ukinitaja kwa lile jina mlilonibandika: "We, Profesa wetu hakosei. Labda hesabu yenyewe ikosee." Nikaona haya, nikarudi zangu.

Tangu asubuhi najaribu kuingia kwa mkuu, nafika mlangoni, narudi mezani.

Ukurasa wa daftari langu wenye kanuni hiyo nimeuweka humu. Alhamisi saa nne, kikaoni, waonyeshe, kisha uombe aitwe karani wa chumba cha pili, kushoto, yaani mimi. Usinipigie simu kabla ya hapo, kwa sababu najijua, nitakusihi unyamaze. Waambie waniite tu. Nikiitwa mbele yako, nitakuja.

Kaka yako