Hakuna Aliyenyoosha Mkono

Wendell, tumekwisha. Nimejifungia msalani hapa hotelini kwenye mkutano wa uchaguzi.

Yule mzee habanduki! Mwenyekiti wa ngumi za ridhaa ni yeye tena!

Na shirikisho la dunia lilishatuambia: akibaki, mabondia wetu hawaendi mashindano yoyote mwaka huu. Jana wajumbe wote tuliapa kumng'oa. Wote!

Sasa sikia. Kakataa kura ya siri. Eti wanaotaka aondoke wanyooshe mikono. Halafu akaanza kupita meza kwa meza, anatushika mabega. "Kumpare, mwanangu wa ubatizo hajambo?"

Si unajua ndiye baba wa ubatizo wa watoto wetu wote? Nani angemnyooshea mkono kumpare wake, mzazi mwenzake wa ubatizo, tena anamtazama machoni?

Hakuna, Wendell. Hakuna hata mmoja!

Akafika kwangu. "Kumpare Crisanto, Jovelyn wetu anaendeleaje na mazoezi? Mwaka huu dhahabu, eh?"

Dhahabu! Kasema hivyo huku anacheka!

Nikamjibu, "Anaendelea vizuri, kumpare." Mkono wangu ukabaki mapajani.

Jovelyn ananipigia sasa hivi. Siwezi kupokea simu ya binti yangu. Wewe ndiye kocha wake, mwambie wewe.