Nilimfungia Baba Mlango Nikiwa Kazini

Mshauri mpendwa, nakuomba unisikilize. Baba yangu ni fundi saa mstaafu, anaishi peke yake na macho yamefifia, kwa hiyo mimi na kaka yangu, ambaye ni fundi umeme, tuliamua taa, feni, kamera ya jikoni na kitasa cha mlango viendeshwe bila waya kutoka sehemu moja, na hapo ndipo tulipogombana, kwa sababu kaka alitaka rimoti yenye vitufe vikubwa vya kupapasa, Baba aivae shingoni, mimi nikang'ang'ania kifaa cha intaneti ninachokiendesha kwa simu yangu popote nilipo, nikamwambia, "Wewe bado uko enzi za swichi," akaniachia, nikashinda.

Jumanne, wakati wa chai, nikawa nawaringia wenzangu wa mapokezi pale zahanati, wakasema hebu tuone, nikabonyeza "funga vyote", tukacheka, kisha nikafungua kamera nizidi kujisifu, nikaona moshi. Mshauri, moshi! Baba alikuwa amebandika viazi, akatoka kuanika shati uani, na sasa yuko upande wa nje wa mlango wa kioo wa jikoni, nilioufunga mimi, viganja vinapapasa, mdomo unafunguka na sauti siisikii. Nikabonyeza "fungua", nikabonyeza tena, kile kiduara kinazunguka tu, mtandao umekatika, na picha ikaganda vilevile, mikono ya Baba juu ya kioo.

Alikivunja kwa ngumi. Jirani alisikia kishindo, akaja mbio akazima jiko. Alishonwa nyuzi saba, mkono wa kulia, ule aliokuwa akishikia vibisibisi vyake vidogo. Nilipofika alisema neno moja tu: "Nyumba nimejenga mwenyewe, leo napiga hodi kwa simu ya binti yangu." Kaka hakunigombeza; angenigombeza ingekuwa nafuu. Kaniletea picha za vifaa viwili, ile rimoti ya vitufe na kingine kipya cha kuamrishwa kwa sauti, nacho ni cha intaneti, akasema, "Chagua wewe, si ndiye mjuzi?" Nichague kipi?

Aliyefunga Vyote

*

Wewe Aliyefunga Vyote,

Barua yako nimeisoma nimesimama, na nilipofika kwenye ile mikono juu ya kioo ilibidi nikae. Mzee apewe pole zangu. Na wewe pole, ila si sana.

Hivi, binti, ulikuwa unamnunulia nani? Ulichagua kifaa cha kukutuliza wewe huko mapokezi, ukakiita msaada kwa Baba. Mtu kafungua saa za watu maisha yake yote, vidole vyake vinaona kuliko macho yako, halafu unamnyang'anya mlango wake na kuutia kwenye mkoba wako! Na ukaubonyeza ili wenzako wacheke. Lo!

Lakini hukukusudia, na hukujificha. Sasa fanya hivi. Chukua rimoti ya vitufe, inayofanya kazi humo humo ndani hata intaneti ikifa. Kitasa kiondolewe kabisa kwenye simu, kifunguke kwa mkono, ndani na nje, na ufunguo wa pili akae nao yule jirani. Hicho cha sauti acha: koo likikauka kwa moshi atakiamrisha kwa sauti gani? Kamera ibaki Baba akikubali, na akikataa, itoke siku hiyo hiyo. Kabla ya kulipa, mpe aipapase dukani mwenyewe, na wewe funga mdomo.

Kwa kaka yako nenda leo, usimtumie ujumbe. Sema, "Kaka, ulikuwa sahihi, nisamehe," kisha usiongeze "lakini".

Kwa Baba nenda Jumamosi. Simu iache kwako. Simama mlangoni, bisha hodi, na hata akichukua muda mrefu kuupata huo mlango, mngoje aje afungue mwenyewe.