Ukurasa wa Pili

3 Juni

Kimya wangu,

Hujambo huko bwenini? Kifua kimepona? Mimi nipo, ila vidole viwili ndiyo havipo tena. Naandika kwa mkono wa kushoto, vumilia mwandiko.

Jana nilirudi kazini, kwenye mashine ile ile ya kupiga pasi mashuka iliyonila vidole. Nyapara akanicheka: "Mama, si uliacha kazi kwa hiari yako? Sahihi yako hii hapa." Kumbe ni ile karatasi ya Kiingereza aliyoleta hospitali, uliyonisomea ukasema ni ya likizo ya ugonjwa!

Afisa kazi anasema kama sikusomewa yote, sahihi inapingika, na fidia ya vidole naweza kudai. Lakini nifungue shauri kabla ya tarehe 20. Kaniuliza: "Binti alisoma yote?" Nijibu upesi.

Mama yako

9 Juni

Shikamoo mama,

Pole sana na mkono. Kifua kimepona. Nilisoma yote, mama. Labda walibadilisha karatasi. Samahani ni fupi, tuna mtihani.

Mwanao

24 Juni

Shikamoo mama,

Naogopa hata kukuuliza hali. Nilikudanganya.

Karatasi zilikuwa mbili. Ya kwanza ilikuwa ya likizo kweli. Nilipotaka kufunua ya pili, nyapara akagonga kalamu kitandani: "Msomi, bado unaokota herufi?" Wagonjwa wote wakacheka. Nikaona aibu, mama. Nikakwambia, "Saini tu." Ya pili sijaiona mpaka leo. Barua yako ilipofika nikaona aibu upya, nikaandika uongo. Mwalimu yuko tayari kunisindikiza kwa afisa kazi. Nitasema kila kitu.

Nisamehe.

Mwanao

1 Julai

Mwanangu,

Salama wewe? Mimi naendelea, kidonda kimefunga.

Usihangaike kuja. Barua yako ya kwanza nilimpelekea afisa mwenyewe, nikajigamba kabisa: "Huyu wangu hasemi sana, lakini hasemi uongo." Akasema basi hakuna shauri, akafunga faili. Barua ya pili imefika juzi. Nimempelekea pia. Kasoma, katikisa kichwa, kanionyesha kalenda.

Sijakasirika. Soma, kula, vaa sweta.

Nimepata kazi ya kufagia sokoni. Mkataba wao nao ni wa Kiingereza. Nimempa mtoto wa mwenye nyumba anisomee. Usinielewe vibaya.

Mama yako