Ukuta wa Meko Ungali Wazi

Mtaa wa Juu,
Nant-y-Graig, Wales.
16 Novemba 1975

Kwa kaka yangu Gethin,

Salamu nyingi zivuke maji yote yaliyo kati yetu, zikukute u mzima, umelala vizuri na umeshiba. Mwaka mzima umepita tangu ulipotuandikia, na sijui kama bado uko katika bweni lile la wafanyakazi au umehama. Nimeandika anwani ya zamani, mengine nimewaachia watu wa posta. Huku hatujambo. Baba anakohoa asubuhi kama wanaume wote wa machimbo, lakini anapanda kilima mwenyewe na hataki kushikwa mkono. Shangazi Nesta ni mzima kuliko sisi wote, na ulimi wake ni mzima kuliko yeye. Mimi nimetimiza miaka kumi na sita mwezi wa Agosti. Bado nina haya. Mwalimu akiniita jina darasani uso unaniwaka, na jibu ninalolijua linapotea. Ndiyo maana nakuandikia. Kwa mdomo nisingefika hata nusu.

Naiandika barua hii kwa lugha ya nyumbani ingawa shuleni wananisifu kwa Kiingereza changu. Ukisoma mpaka mwisho utajua kwa nini sifa hiyo siipendi tena.

Habari kubwa ya nyumba ni ukuta wa meko pale sebuleni. Tangu Septemba mvua imekuwa ikipenya kwenye dohani, na karatasi ile ya maua ya buluu ikaanza kuvimba, kwanza juu ya saa, kisha upande wa dirisha. Tukikaa kunywa chai tulikuwa tunaisikia ikibanduka yenyewe polepole, kama mtu anayevua soksi. Shangazi Nesta akasema mwaka wa msiba umekwisha, nyumba nayo inawe uso. Alimwambia Baba, Ifor, mgeni akiingia humu anadhani mmekufa wote.

Yeye alikuwa na mpango wake tayari. Alitaka vigae vya kahawia vinavyong'aa kama sukari iliyoungua, kuanzia sakafuni hadi darini, vilifunike hata lile jiwe la meko alilolichonga Babu Emrys kwa kisu chake. Makaa ya mawe yaondoke, iwekwe hita ya gesi yenye makaa ya bandia yanayowaka taa nyekundu. Juu yake zipangwe sahani za shaba, na katikati saa yenye miale kama jua. Baba alisema jua la shaba litatufaa sana, maana la kweli hatujaliona tangu Julai. Alipoulizwa anataka nini yeye, akasema chokaa nyeupe na kalenda basi. Shangazi akamwambia hivyo ndivyo watu wanavyopamba zizi la ng'ombe. Baba akajibu kwamba ng'ombe hawajawahi kulalamika.

Mwishowe Baba akasema nichague mimi, kwa kuwa mimi ndiye mwenye macho. Nilifurahi, Gethin, sikufichi. Mwalimu wa maarifa ya nyumbani alinipa magazeti ya zamani, nikakata picha nikazibandika kwenye daftari. Nilichora rafu za vitabu pande zote mbili za dohani. Nilichora kioo kikubwa cha kupokea mwanga wa dirisha, na karatasi ya kijani hafifu yenye majani membamba. Jiwe la Babu niliacha wazi, lisuguliwe kwa maziwa kama Bibi alivyokuwa akilisugua, mpaka zile nakshi za feni za mkono alizozichonga zionekane hata jioni. Baba aliliangalia daftari langu muda mrefu, akasema ni zuri, ila hajaona mbwa watakaa wapi.

Maana mbwa wa kauri bado wako juu ya rafu ya meko, na mmoja bado anatazama mlango. Mama alimgeuza asubuhi ile ulipoondoka, kama Bibi alivyokuwa akifanya mjomba alipokuwa baharini, amngoje mwenye safari mpaka arudi. Shangazi kila akifuta vumbi huwarudisha watazamane, anasema mbwa waliopishana nyuso wanatia nyumba aibu. Akishaondoka Baba anamgeuza tena. Anamgeuza tu na kwenda zake.

Basi, nikiwa bado nachora, Shangazi alikuwa ameshaagiza vigae. Tudur Vigae akaja na kamba yake ya kupimia (yule yule Tudur uliyesoma naye, kijiji kimeshamnyang'anya jina la baba yake na kumpa hilo). Akasema ataanza Jumamosi ya tarehe kumi na tano, yaani jana, sisi tubandue karatasi kabla. Baba hakuwa na nguvu ya kubishana na dada yake. Mimi ningeweza kusema, nikaona haya.

Jumamosi iliyotangulia tukaloweka ukuta kwa maji ya moto, tukaanza kubandua. Unakumbuka katika nyumba yetu hakuna anayebandika karatasi bila kwanza kuandika kwa penseli kwenye lipu, kwa ajili ya atakayekuja kuibandua. Yote yalikuwepo. Babu Emrys, 1938: “Mvua siku ya tisa. Karatasi hii kaichagua mke wangu. Mimi sina hatia.” Chini yake Mama, mwaka waliooana: “Ifor amebandika kipande kimoja kichwa chini.” Na Baba pembeni, kwa herufi kubwa: “UONGO.” Mbuzi wako wa miguu mitano naye yupo, na jina lako ulilolikosea. Baba aliposoma ule uongo wake alicheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka akakaa. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu tumzike Mama.

Kisha gari la mkate likapiga honi nje, Baba akatoka. Nikabaki peke yangu na upande wa kushoto, chini, karibu na ndoo ya makaa. Nilikuwa nimeuacha upande huo makusudi. Nilijua pana neno pale, ila sikujua ni neno gani.

Sasa, kaka, naomba usome taratibu.

Ile barua ya hospitali ya Machi mwaka jana, ambayo Shangazi aliikuta kwenye droo na kukuandikia habari zake, hakuisoma Baba. Ilifika Baba yuko machimboni na wewe umekwenda mjini kufuata pasipoti. Mama alijua Kiingereza cha kununulia nyama na cha kugombana na mtu wa umeme, lakini maneno ya barua ile yalikuwa marefu. Akaniita mimi. Nilileta kamusi yangu ya shule, nikatafuta neno baada ya neno, na mwanzoni nilikuwa najivuna, Mungu anisamehe, kwa jinsi nilivyokuwa nayapata upesi. Nilipolipata la mwisho sikulitamka. Mama aliliona usoni mwangu.

Aliikunja barua, akaniambia niahidi. Usijue wewe, asijue Baba, mpaka meli yako iwe mbali. Alisema, mtoto huyu akisikia atabaki, na akibaki ataingia machimboni, na vumbi limeshamla babu yake na sasa linamla baba yake. Akasema anataka mapafu ya mtu mmoja tu katika nyumba hii yatoke mazima. Nikaahidi. Nilikuwa na miaka kumi na minne, nikaona nimepewa heshima kubwa.

Aprili tukabandika ile karatasi ya buluu, mimi na yeye. Tulipofika ule upande wa chini alinituma maji. Niliporudi na ndoo, alikuwa ameshaweka kipande pale na anakilainisha kwa kiganja, na penseli iko nyuma ya sikio.

Na Mei, pale kituo cha basi, uliniuliza pembeni kwa nini Mama amekonda. Unakumbuka nilivyokujibu? Nilisema chakula hakimpandi kwa sababu unaondoka. Ukacheka, ukasema basi atanenepa siku nitakaporudi. Kila usiku nalisikia neno hilo. Baba aliambiwa Septemba, wakati hata kipofu angeona, na Mama akamwomba asikuandikie mpaka uwe umemaliza miezi sita ya mwanzo ya kazi. Oktoba tukamzika.

Halafu ikaja barua yako. Uliandika kwamba Baba alijua tangu Machi, akakuacha uondoke kama mtu anayefukuza kuku, na kwamba asikuandikie tena. Baba aliisoma amesimama, akaiweka nyuma ya saa. Shangazi alitaka kukujibu siku ile ile, kalamu mkononi, akueleze kwamba kaka yake hakujua kitu. Baba akamkataza. Alisema, mwache. Kijana akikosa wa kumkasirikia atamkasirikia mama yake, na hilo mimi sitaki. Nilikuwa pale pale, Gethin, nakoroga mchuzi. Neno moja lingetosha. Nilikoroga mchuzi mpaka viazi vikavurugika, na sikulisema. Mwaka mzima sikulisema.

Basi siku hiyo ya kubandua nilivuta karatasi, na mwandiko wa Mama ukatokea. Nakuandikia kama ulivyokuwa, maana mimi ndiye pekee niliyeuona mzima:

“Aprili 1974. Mvua, jua, mvua. Tumebandika mimi na Heledd. Mkono wake umenyooka kuliko wa baba yake. Heledd anajua. Mimi ndiye niliyemfunga mdomo. Gethin, kama ni wewe unayebandua, usimlaumu, wala baba yako usimlaumu. Nilitaka uende.”

Niliogopa. Niliwasikia Baba na mtu wa mkate wanaagana. Nilichukua kitambaa chenye maji nikaanza kufuta pale penye jina langu. Penseli ikatoka mara moja, kama vile ilikuwa inangoja. “Heledd anajua” likaondoka. “Niliyemfunga mdomo” likaondoka. Nilipofika kwenye jina lako ndipo niliuona mkono wangu unachofanya. Ule ulikuwa mwandiko wa Mama, na hatauandika tena. Nikauacha pale. Chini ya nilipofuta panaanza na wewe: “Gethin, kama ni wewe unayebandua.” Juu yake kuna doa la kijivu, kubwa kama kiganja.

Baba aliingia na mkate chini ya kwapa. Alisoma. Akaniuliza pale penye doa palikuwa na nini. Nikamwambia, yote, pamoja na mchuzi. Hakunipigia kelele. Aliketi juu ya ndoo, mkate mapajani, akaniuliza nilikuwa na miaka mingapi. Nikasema kumi na minne. Akarudia, kumi na minne, huku anaubana ule mkate mpaka ukapasuka ganda. Akauliza, na kamusi ile ndogo? Nikasema ndiyo, ile ndogo. Kisha akasema alidhani katika nyumba hii ni yeye peke yake aliyekuwa amebeba kitu.

Jioni alikwenda kwa Tudur akamwambia asije. Jumapili Shangazi akafika kutoka kanisani kugombana. Baba akamwelekeza ukutani kwa kidole. Alivaa miwani, akapiga magoti na koti lake zuri, akasoma. Mwishowe alivua kofia, akaniambia nimletee maziwa na kitambaa, kisafi, alisema, si kile. Akaanza kusugua jiwe la Babu.

Ukuta uko hivyo mpaka leo. Umejaa madoa ya gundi, na jioni baridi inatoka kwenye lipu. Nimeomba tusiubandike chochote, wala karatasi yangu ya kijani, mpaka jibu lako lifike, na Baba amekubali. Nafasi ipo chini ya mwandiko wa Mama. Penseli yake nimeiweka kwenye rafu, kati ya mbwa wawili. Ukija utaandika mwenyewe. Usipokuja, niambie tu nikuandikie nini, nitaandika neno kwa neno, na safari hii sitafuta.

Sikuombi unisamehe ndani ya barua moja. Nakuomba kitu kidogo tu. Ile hasira uliyompa Baba haikuwa yake. Ameitunza mwaka mzima nyuma ya saa kama kitu cha mtu, wala hajui ninachokuandikia leo. Ukitaka kuandika tena maneno kama yale, yaandike yote, usiyapunguze. Lakini juu ya bahasha andika jina langu.

Shangazi Nesta anakusalimu, anasema uvae flana hata kama huko ni joto. Tudur naye anakusalimu, anauliza kama huko wanapenda vigae. Baba hajaniambia nikusalimu, ila asubuhi ya leo alifuta mbwa vumbi kwa mkono wa sweta yake, mmoja baada ya mwingine, akawarudisha mahali pao, na yule wako akamweka vilevile, uso mlangoni.

Ni mimi mdogo wako,
Heledd