Mkunjo Ambao Sitaufuta

Jumatatu, 3 Machi
Msimamizi wangu kaniita ofisini. Mchoro wangu uko mezani, kauzungushia wino mwekundu pale mstari wa joto unapojikunja kushuka. "Sumaku ikiongezwa nguvu, joto hupanda tu. Hili ni kosa la kompyuta. Futa, nikupitishe." Nikamwambia kimiminika changu si maji. Kinanata, kinanyumbuka, kimejaa chembe ndogo mno za chuma. Akasema niache ubishi. Makala yake inasema joto hupanda — na makala hiyo ndiyo iliyompa uprofesa. Hapo ndipo penyewe.

Jumanne, 4 Machi
Huenda nimekosea mimi. Nimepitia milinganyo upya, mmoja mmoja. Nimeligawa eneo la karibu na ukuta vipande vidogo zaidi, kompyuta ikahema mchana kutwa. Mkunjo uko palepale. Wala hautikisiki.

Alhamisi, 6 Machi
Mama kauliza hicho kimiminika kikoje. Kama ute wa yai, nikamwambia; ukiuvuta, unarudi. "Basi mmefanana." Tukacheka. Kisha akanisihi: mwenye nguvu mpishe, mwanangu, futa hako kamstari upate shahada. Nikamwuliza, yeye na cherehani yake, angempa mteja gauni akijua mshono utafumuka? Kaendelea kumenya viazi.

Ijumaa, 7 Machi
Nimepaona! Modeli ya msimamizi, ile ya makala yake, imeacha nguvu ya mnyumbuko pale ukutani. Nikiiondoa na mimi, mkunjo unatoweka. Nikiirudisha, huo. Nimemwandikia, kwa heshima zote.

Jumatatu, 10 Machi
Benchi, nje ya chumba cha utetezi wa tasnifu yangu. Nimeuonyesha mchoro mzima. Mtahini wa nje akauliza mkunjo ule ni nini. Msimamizi akadakia: dosari ndogo, ataifuta. Nikasema: "Siufuti. Na naweza kuonyesha unatoka wapi, na kwa nini haumo katika makala iliyochapishwa." Mtahini akataka kujua ni makala gani inayosema vingine. Nikaitaja, mwandishi wake kakaa mbele yangu. Wakaniomba nitoke kidogo.

Sauti ya msimamizi inapenya mlangoni. Ya mtahini haipandi.

Katoka — yeye, msimamizi. Kainama, ananong'ona: niingie niseme nilikosea, yaishe, atanipitisha leo hii. Nimemwuliza kama ametumwa na walio ndani. Kaangalia viatu vyake.

Mtahini ameita kutoka ndani. Niingie, nije na kompyuta.

Msimamizi bado kasimama mlangoni. Itabidi anipishe.