Mti wa Momiji Ulioondoka Nikiwa Nimeinama

KITUO KIDOGO CHA POLISI, TOKINOSAWA

Shahidi: Chihaya Kuwabara, mwanamke, miaka 24, elimu ya sekondari, msaidizi katika bustani ya miche ya mume wake, mkazi wa Tokinosawa.

...na ndiyo, Afande, kama nilivyosema pale mlangoni, geti nilimfungulia mwizi wa mti mimi mwenyewe. Nimeolewa siku kumi na tisa tu. Mume wangu ni Itsuki. Nikimtaja moyo bado unaruka, nisamehe.

Mti wenyewe ni momiji, mti wa mapambo wa Kijapani. Baba mkwe aliubebesha kwenye shina la mti mwingine mwaka aliozaliwa Itsuki. Unanifika kifuani, lakini matawi yameinama na kutanda kama mwavuli, majani membamba kama nyuzi, mekundu kuanzia machipukizi. Ni mti wa ua mdogo, usiopigwa na jua la jioni. Itsuki aliahidi kuupanda mbele ya dirisha letu majira ya baridi, zawadi yangu ya harusi. Vuli iliyopita aliikata mizizi kuuzunguka, akaifunga kwa majani ya mpunga na kamba, ili iote vimizizi vipya. Wiki hii alikuwa ameufukua udongo kuvikagua.

Mnamo tarehe 14 Mei, saa nne na dakika ishirini asubuhi, Itsuki akiwa mnadani, lilikuja gari dogo jeupe la mizigo. Dereva ni mtu wa miaka hamsini hivi, taulo kichwani.

"Bibi harusi! Kumbe Itsuki alikuwa anakuficha!"

Nikamuuliza kama amekuja kuchukua mti.

"Si umeshafungwa kamba? Mti uliofungwa una mwenyewe. Au hajakufundisha kazi, anakutazama tu?"

Nilicheka. Niliona aibu kumpigia simu mume wangu. Nilimshikia matawi yasivunjike akiung'oa na kuupakia. Nikampa chai.

Saa tano kasoro dakika tano aliondoka. Nilisimama barabarani nikainama, kama mama mkwe alivyonifundisha: mteja huinamiwa mpaka apotee kwenye kona. Ndiyo maana namba ya gari sikuiona. Niliona viatu vyangu.

Itsuki alirudi saa saba. Alilitazama shimo.

"Una majani yote," alisema. "Kwa joto hili, hautaishi zaidi ya siku tatu."

Kisha akaniuliza, "Umekula, mke wangu?" Hakunifokea. Afadhali angenifokea.

Leo ni siku ya tano. Baba mkwe, ambaye hainuki kitandani, anaomba asogezwe dirishani auone mti wake. Tunamwambia kuna mvua.

Hayo ndiyo ninayoyajua. Nimesomewa, nimeyakubali.

Sahihi: Chihaya Kuwabara, 18 Mei

Maelezo ya afisa: Shahidi alilia mara moja tu. Barabara ile haina kamera, gari halijatambuliwa. Nimemwahidi kupita kwake kabla ya mwezi kuisha, ingawa sina cha kumpelekea.

Sajini Murakoshi